Mikate ya Mudzipela: ladha ya zamani inavyolindwa

Mtu akirudi kwao baada ya miaka mingi, hupenda kujua kama chakula cha zamani bado kina ladha ile ile. Wengi hujibu kwa hisia: mmoja atasema kila kitu kimeharibika, mwingine atasema hakuna kilichobadilika. Safu hii inajibu kwa kukagua kazi yenyewe. Nimerudi Mudzipela, mtaa wa Bunia, mashariki mwa Kongo, nilikolelewa, nikapita kwenye meza za mikate, kwenye malewa, yaani vibanda vya chakula vya mama wapishi, na kwa wauza kalanga. Kila nilipoketi nilitaka kujua kazi inafanywaje, na ni hatua ipi ikirukwa ladha inapotea.

Jibu nalitanguliza. Ladha imebaki kila mahali ambapo mpishi bado ana mamlaka juu ya muda wake. Imebadilika pale muda ulipofupishwa, au pale vitu vinapotoka mbali kiasi kwamba mpishi hana la kusema juu yake.

Unga, hamira na usiku mmoja

Tuanze na mikate, kwa sababu asubuhi ya Bunia huanza nayo. Ni ile ya mviringo ya kukaangwa, jamaa ya mandazi na kaimati, isiyowekwa iliki wala kumwagiwa shira. Vitu vyake ni vichache: unga wa ngano, maji, sukari, chumvi kidogo na hamira. Siri yake kubwa ni wingi wa maji. Donge la mandazi husukumwa na kukatwa kwa kisu. Donge la mikate ni rojo zito lisilosukumika. Mama hulichota kwa mkono, hulikamua kati ya kidole gumba na cha shahada, na tone la mviringo hudondoka kwenye mafuta. Maji hayo mengi hugeuka mvuke ndani ya mafuta ya moto, mvuke huo hupanua matundu yaliyokwisha kufunguliwa na hamira, na ndiyo sababu mkate mzuri ni mwepesi na una tundutundu ndani.

Mwenye kuijua kazi hukanda jioni na kukaanga alfajiri. Bunia iko mita 1,275 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wake una ubaridi. Ubaridi huo huipunguzia hamira kasi. Rojo huumuka polepole usiku kucha, bakteria nao hupata nafasi ya kutoa asidi kidogo, na hapo hutoka ule uchachu mwepesi unaobaki ulimini baada ya sukari kupita. Anayekanda saa kumi na moja alfajiri analazimika kuzidisha hamira ili rojo liumuke haraka. Mikate yake itavimba vizuri, lakini itanuka hamira na ladha yake itakuwa ya sukari peke yake. Nimeonja ya aina zote mbili siku moja, na tofauti haihitaji mtaalamu.

Unga ni habari nyingine. Ngano inayokaangwa Bunia hutegemea sana njia ndefu inayoanzia bandari ya Mombasa na kupita Uganda. Vita vya Ukraine vilipopanuka mwaka 2022 na bei ya ngano ikapanda duniani kote, muuza mikate hakuwa na namna ya kujikinga. Mteja wake amezoea kutoa noti moja ndogo kwa idadi fulani ya mikate, na hupandishi bei kwa watoto wanaokwenda shule. Basi kinachopungua ni ukubwa wa mkate. Njia nyingine ni kuchanganya unga wa muhogo. Sehemu moja kati ya kumi haidhuru. Ikizidi sana, mkate huwa mzito, kwa kuwa muhogo hauna ile protini ya ngano inayovutika na kushika hewa.

Mafuta na moto

Mafuta ya kukaangia mikate yanatakiwa yafike nyuzi 170 hadi 180. Kwenye mbabula, yaani jiko la mkaa (makala), hakuna kipimajoto wala kitufe cha kupunguza moto. Nilimuuliza mama mmoja:

"Jambo, mama. Unajuaje mafuta yamefika?"

"Nayasikiliza, mwana wangu. Yakinyamaza, bado. Yakipiga kelele nyingi, yamepita."

Alidondosha tone moja la rojo. Lilizama, likakaa chini kidogo, kisha likapanda juu likizungukwa na mapovu madogo yenye sauti ya chini isiyokatika. Hapo akaanza kukamua, tone baada ya tone, kuanzia ukingoni mwa karai kwenda katikati. Mikate iliyoiva upande wa chini ilianza kujipindua yenyewe, kwa sababu upande huo huvimba na kuwa mwepesi kuliko wa juu. Mchujio wake uliigusa ile mikaidi tu. Moto ulipozidi alivuta makala mawili kwa koleo na kuyaweka pembeni, akayarudisha alipotia rojo jipya, maana rojo baridi huyapoza mafuta ghafla. Mafuta yakipoa, mkate huyanywa. Yakizidi moto, huungua nje na kubaki mbichi ndani. Kazi yote ya alfajiri ile ilikuwa kuyaweka mafuta kati ya makosa hayo mawili.

Msomaji anayenunua aangalie pia umri wa mafuta. Yakirudiwa mno huwa meusi na mazito, hutoa povu lisilotulia na moshi unaochoma macho. Hapo hata rojo la usiku mzima haliokoi kitu.

Kwa nini meza ilitangulia mgahawa

Bunia ilibeba vita vizito. Mei 2003, baada ya majeshi ya Uganda kuondoka, mapigano yaliukumba mji, na Umoja wa Ulaya ukatuma kikosi cha Artemis, kilichoongozwa na Ufaransa, kwa idhini ya Azimio namba 1484 la Baraza la Usalama. Kikosi hicho kilikaa hadi Septemba 1. Mudzipela haikusalimika katika miaka hiyo. Watu walikimbia, nyumba zikabaki wazi.

Mgahawa wenye kuta na viti ukiporwa, kuurudisha huhitaji mtaji. Meza ya mikate huhitaji karai, mbabula, ndoo ya rojo na mikono inayojua. Ujuzi huo mtu hukimbia nao kichwani, na akirudi hurudi nao. Kwa hiyo aina hii ya biashara ina nguvu ya kufufuka kuliko nyingine zote, na mtaa ulioumizwa hupata chai yake ya asubuhi kabla ya kupata mambo makubwa. Ni heshima kubwa kwa akina mama hawa, nami naisema waziwazi.

Mihogo: kazi ya siku nne

Mchana ni zamu ya malewa, na sahani ya malewa husimama juu ya bugali (ugali) wa muhogo na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Hapa muda hulinda ladha na uhai pia. Muhogo mchungu una linamarini, kemikali ambayo chembechembe za muhogo zikivunjika hutoa sianidi. Mihogo ikilowekwa siku tatu hadi nne hulainika, vimeng'enya vyake hufanya kazi, na sumu hutoka. Sianidi huchemka kwenye nyuzi 26 tu, hivyo kinachobakia hutoroka hewani wakati wa kuanika na kupika. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli alieleza ugonjwa wa konzo katika eneo la Kwango, huko magharibi mwa Kongo: miguu hupooza ghafla na haiponi. Leo inajulikana kwamba konzo huja pale njaa, ukame au vita vinapowalazimisha watu kufupisha siku za kuloweka, tena wakiwa na uhaba wa protini.

Sombe nayo ina sumu ile ile kwenye majani. Kinu huyavunja majani, na chungu kikiachwa wazi mwanzoni mwa kuchemka hewa mbaya huondoka. Siku hizi mashine za kusaga zimepunguza jasho la kutwanga, na sioni sababu ya kuzilaumu. Ila mashine hukata jani laini mno, na mpishi mwenye haraka hudhani majani laini yameshaiva. Sombe iliyo tayari huacha kunuka ukijani mbichi, na mawese hupanda juu yakiwa yametulia. Katika malewa mbili nilikokula, moja ilingoja hadi hapo, nyingine haikungoja.

Maharage yana shida yake ya kimazingira. Katika kimo cha Bunia maji huchemka karibu nyuzi 96, si 100, kwa hiyo maharage huchelewa kuiva kuliko pwani. Kuyaloweka usiku ndiyo dawa. Magadi huyalainisha haraka, lakini huharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni.

Samaki wa kupanda mlima

Samaki wa Bunia hutoka Ziwa Albert, hasa kupitia Tchomia na Kasenyi. Ziwa liko kwenye mita 619 hivi, kwa hiyo kila samaki anayefika mjini amepanda zaidi ya mita 600. Msomaji wa Mwanza anamjua sangara kama mgeni aliyeletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950. Huku Albert yuko kwao. Samaki mbichi anahitaji barafu na barabara yenye usalama, na mkoa wa Ituri, ulimo Bunia, uliowekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, haujawa na uhakika wa barabara. Ndiyo maana samaki wa chumvi bado ni nguzo ya malewa. Hupasuliwa, hupakwa chumvi inayofyonza maji yake, kisha huanikwa. Mpishi humloweka na kubadilisha maji zaidi ya mara moja kabla ya kumtia kwenye nyanya. Ukikuta mchuzi ambao chumvi imeua kila kitu, ujue hatua hiyo ilirukwa.

Kalanga za sukari

Kitamu cha jioni ni kalanga za sukari, na hizi nimezikuta zikiwa bora kabisa. Sukari na maji kidogo huchemshwa pamoja na kalanga mbichi huku zikikorogwa bila kukoma. Maji yakiisha, sukari hugeuka mchanga mweupe unaozigandia kalanga. Mwanagenzi huishia hapo. Fundi huendelea kukoroga moto ukiwa umepunguzwa, mchanga ule huyeyuka mara ya pili, huwa kahawia unaong'aa, na kalanga huiva hadi kwenye kiini. Dakika chache hizo za mwisho ndizo zinazotenganisha pipi na kalanga zilizopakwa sukari.

Hukumu

Mikate ya usiku mzima, sombe iliyongojewa na kalanga zilizoyeyushwa mara mbili bado zipo Mudzipela, na hazijapungukiwa ladha. Kilichopungua ni ukubwa wa mkate, na hilo ni deni la bei ya ngano, si la mpishi. Hatari iliyopo ni kwamba ujuzi huu hauko kwenye karatasi yoyote. Kijana wa Mudzipela, na wewe uliye Kampala, Goma au Brussels unayepanga kurudi, keti karibu na karai alfajiri moja, uliza, andika hatua zote pamoja na muda wake, na ulipe bei kamili bila kuomba nyongeza.