Dogo akishashikwa

Nimesoma tena *Watoto wa Mama N'tilie* (2002) ya Emmanuel Mbogo nikiwa nyumbani Sumbawanga. Peter anakosa ada, anafukuzwa shule, anaokota makombo jalalani Tabata, kisha anaingia kwenye dawa za kulevya. Mbogo anatuonyesha mtoto anavyopotea hatua kwa hatua, na hapo namvulia kofia.

Ila riwaya zetu nyingi huchoka dogo akishashikwa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumfunga mtoto gerezani. Kijana wa huku Ufipa akitiwa hatiani anaweza kupelekwa Shule ya Maadilisho Irambo, Mbeya. Usiku wa kwanza analia au ananyamaza? Akirudi, mama atamwachia ufunguo wa nyumba? Mimi nataka riwaya inayoanzia hapo.