Ndumilakuwili ni wa Nani? Uaminifu wa Msomaji wa Katuni za Kiswahili kwa Mhusika na kwa Mchoraji, Ukitazamwa kutoka Kahama

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa katuni za Kiswahili umezoea kuuliza katuni inasema nini kuhusu jamii: rushwa, ndoa, siasa, maisha ya mjini. Swali ambalo halijapewa uzito unaostahili ni lile la hadhira. Msomaji anayerudi kutafuta toleo jipya humrudia nani: mhusika aliyemchekesha, au mchoraji aliyemuumba mhusika huyo? Makala haya yanadai kwamba mgawanyo huo ni wa juujuu. Msomaji husema anamfuata mhusika, na kwa kauli yake husema kweli. Lakini kinachomfanya amtambue mhusika huyo, toleo baada ya toleo, ni mkono wa mchoraji ambaye pengine hajawahi kulisikia jina lake. Kwa "mkono" tunakusudia namna ya kuvuta mstari, kupinda mgongo wa mtu, kupanga visanduku na kuuchelewesha mzaha hadi kisanduku cha mwisho.

Kahama imechaguliwa kuwa mahali pa kusimama kwa sababu mbili. Kwanza, iko mbali na Dar es Salaam, yalikochapwa majarida yanayojadiliwa hapa. Pili, iko katika eneo lenye jadi ya ngoma ambayo hadhira yake humjua fanani kwa jina na humshabikia waziwazi. Tofauti kati ya hadhira hizi mbili ndiyo inayohitaji maelezo.

2.0 Nakala isiyo na jalada

Jarida la Sani lilianza katika miaka ya 1970 chini ya Said Bawji na Nico ye Mbajo, na jina lake limetokana na silabi za mwanzo za majina yao. Kwa hiyo, majina ya waasisi yamo ndani ya jina la jarida lenyewe, ila wasomaji wengi hawakuwa na sababu ya kuyatafuta humo. Walichokikumbuka ni Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe na Pimbi.

Yeyote aliyesoma majarida katika mji wa bara anajua kwamba nakala moja hupita mikono mingi. Jalada huchanika kwanza, na pamoja nalo hupotea majina ya wahariri. Saini ya mchoraji, iliyo ndogo na pembeni mwa kisanduku, hufutika kwenye mkunjo wa karatasi. Uso wa mhusika, unaorudiwa katika kila kisanduku, ndio unaosalia. Hali hii ina uzito zaidi Kahama, mji wa Wasumbwa, Wanyamwezi na Wasukuma uliopokea pia wageni wengi kutokana na dhahabu ya Bulyanhulu na ya Buzwagi, mgodi uliozalisha kuanzia mwaka 2009 na kufungwa mwaka 2021. Watu wasiotoka kijiji kimoja wala lugha moja ya mama hukutana katika Kiswahili, na mhusika wa katuni ni mmoja wa watu wachache ambao wote wanaweza kudai kumfahamu.

Majina yenyewe yanachangia. Ndumilakuwili ni nyoka anayesadikiwa kuwa na vichwa viwili na, kwa sitiari, ni mtu mnafiki. Lofa ni mtu asiye na kitu; kumtanguliza kwa "Lodi" ni kumvika fukara joho la ubwana. Msomaji alikuwa na watu hawa katika lugha yake kabla ya kuwaona wamechorwa. Mchoraji hakubuni tabia, aliipa uso. Ndiyo maana ni rahisi kwa msomaji kuhisi kwamba mhusika ni mali ya wote, kama Sungura wa ngano, ambaye hakuna anayeuliza ni nani aliyemtunga.

3.0 Hadhira inayomjua manju wake

Jadi ya ngoma za Wasukuma inakwenda kinyume. Vyama viwili vikuu vya wachezaji, Bagika na Bagalu, vinafuatishwa hadi kwa waasisi wanaotajwa kwa majina, Ngika na Gumha. Katika mashindano, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na kundi linalovuta umati mkubwa zaidi ndilo linaloshinda. Uaminifu hapa hupimwa kwa miguu ya watazamaji. Manju hutunga, huimba, hujitaja katika wimbo na hujibiwa na mpinzani wake. Hakuna anayeweza kuupenda wimbo huo bila kujua ni wa nani.

Haitoshi, basi, kusema kwamba utamaduni wa Kiafrika haujali mtunzi, kama inavyodaiwa mara kwa mara katika mijadala ya fasihi simulizi. Katika eneo hilohilo la Usukuma na jirani zake, hadhira humjali sana mtunzi pale anapokuwa mbele yake. Jambo linaloamua ni namna fanani anavyowafikia watu wake. Manju anaonekana na wimbo wake. Mchoraji wa Sani alifika Kahama akiwa mstari tu.

4.0 Jaribio la mwaka 1986

Hoja hii ina jaribio lake la kihistoria. Philip Ndunguru, mchoraji aliyewapa uso Ndumilakuwili na wenzake, alifariki mwaka 1986 akiwa na umri wa miaka ishirini na ushei. Kama wasomaji wangekuwa waaminifu kwa mtunzi pekee, wahusika hao wangezikwa naye. Hawakuzikwa. Wachoraji wengine waliendelea kuwachora, na wasomaji waliendelea kuwasoma.

Mtu anaweza kuishia hapo na kumtangaza mhusika kuwa mshindi. Lakini tuangalie mrithi anatakiwa kufanya nini. Hawezi kumbadilishia Ndumilakuwili umbo, mwendo au namna ya kupatwa na aibu, kwa kuwa msomaji atasema "huyu siye". Kauli hiyo, ambayo inaonekana kumtetea mhusika, kwa hakika inaulinda mkono wa marehemu. Ulinganisho wa nje unasaidia. Hergé alipofariki mwaka 1983, Tintin hakupata mchoraji mwingine wa vitabu vipya. Asterix alipewa Ferri na Conrad mwaka 2013, lakini Conrad alilazimika kuufuata mstari wa Uderzo. Huko wenye haki ndio waliotoa kibali na masharti. Kwa Ndumilakuwili, mlinzi alikuwa jicho la msomaji.

5.0 Mifano mitatu inayopima dai

Mfano wa kwanza ni Masoud Kipanya. Jina la panya mdogo aliyemchora limekuwa jina lake mbele ya umma. Hapa mhusika hakumficha mchoraji, alimpa jina. Kwa kuwa Kipanya pia ni mtangazaji wa redio, sauti yake hufika ambako gazeti halifiki, na hivyo anaikaribia nafasi ya manju.

Wa pili ni Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, Mtanzania aliyechora katika Daily Nation la Kenya kuanzia mwaka 1992 hadi alipoliacha mwaka 2016. Katuni zake za siasa hazina shujaa wa kudumu wa kubuni. Kwa kukosa mhusika wa kushikamana naye, msomaji hushika saini, nayo ikahama pamoja na mwenyewe.

Wa tatu unaelekea kulipinga dai letu. Shujaaz, iliyoanza Kenya mwaka 2010 na kuingia Tanzania mwaka 2015, ni kazi ya kundi la waandishi na wachoraji, wala si ya mkono mmoja. Hata hivyo vijana waliwafuata DJ Boyie na DJ Tee. Jibu ni kwamba wahusika hao hawakuishia katika karatasi: walipewa sauti redioni na waliwasiliana na wasomaji. Taasisi ilimfanya mhusika mwenyewe kuwa fanani. Mkono ulipogawanywa, sauti ilichukua nafasi yake. Dai letu, kwa hiyo, linahitaji kupanuliwa: uaminifu hushikamana na alama ya mtu, iwe mstari, saini au sauti.

6.0 Hitimisho

Suala hili si la nadharia tupu. Tasnifu nyingi zinazotumia katuni kama data hutaja jarida, toleo na mhusika, na kumwacha mchoraji. Mhakiki anayefanya hivyo anarudia kosa la karatasi iliyochanika, bila udhuru wake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambulia mtunzi haki ya kutajwa kuwa mwenye kazi. Uhakiki haupaswi kuwa nyuma ya sheria. Tunapendekeza mambo mawili: kila katuni inayochambuliwa itajwe pamoja na mchoraji wake pale anapojulikana, na mabadiliko ya mkono yachunguzwe kama ushahidi wa kifasihi. Msomaji wa Kahama asiyejua jina la Ndunguru, lakini anayeweza kusema "huyu siye" mara tu mstari unapobadilika, amekuwa mwaminifu kwa Ndunguru miaka yote. Kazi ya mhakiki ni kumwambia jina.