Kidhibiti Mwendo: Jina Moja kwa Kazi Mbili

Istilahi "kidhibiti mwendo" imeenea katika magazeti, katika matangazo ya usalama barabarani na katika vitabu vya maelezo ya magari vinavyofasiriwa kwa Kiswahili. Umbo lake ni zuri: ki- ya ala, kitenzi kijulikanacho, na nomino iliyo wazi. Ila yake ni kwamba imepewa vyombo viwili visivyofanya kazi moja, na atakayepata hasara ni dereva amsomaye mfasiri.

Tutazame barabara kuu ya Mwanza hadi Sirari, inayopita Bunda na kufika Makutano, ambapo njia moja huelekea Musoma na nyingine Butiama. Basi la abiria lipitalo hapo haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na penye makazi ya watu ni 50. Chombo kinachofungwa ndani ya basi ili lisivuke ukomo huo madereva hukiita gavana. Kenya ilipolazimisha matatu kukifunga, mwaka 2004, nako kikaitwa kidhibiti mwendo. Kazi yake ni kukataa tu. Dereva hukanyaga mafuta mwenyewe, na afikapo ukomo injini hunyimwa ziada.

Gari dogo linalotoka Butiama huenda likawa na chombo cha pili, ambacho mafundi hukiita kruzi kontroli. Dereva huchagua mwendo, tuseme 80, hubonyeza kitufe usukanini, kisha huondoa mguu. Chombo hupima mwendo uliopo, huulinganisha na ule uliochaguliwa, na kwa kadiri ya tofauti hiyo huipa injini nguvu zaidi au huipunguzia. Breki ikiguswa, hujiachia. Lakini hakikatazi kitu. Dereva akikanyaga mafuta ili alipite lori, gari litavuka 80 bila pingamizi. Na penye mteremko mkali, kile cha aina ya kawaida, kisichoamrisha breki, hakina uwezo wa kulizuia gari linalosukumwa na uzito wake. Wala hakijui kwamba sasa tumeingia Bunda mjini na ukomo ni 50.

Basi mtu aliyezoea basi akabidhiwe gari hilo pamoja na kitabu chenye neno lile lile. Ataamini, na ana haki ya kuamini, kwamba gari haliwezi kuzidi 80.

Jambo la ajabu ni kwamba jamaa wa kweli wa chombo hiki cha pili yumo vijijini siku nyingi. Mashine ya dizeli ya kusaga nafaka ina gavana. Mahindi yakimiminwa kwa wingi injini huelemewa na kupunguza mzunguko. Gavana huongeza dizeli hadi mzunguko urudi pale pale. Mahindi yakiisha, huipunguza. Hiyo ndiyo kanuni ambayo James Watt aliitumia katika injini ya mvuke mwaka 1788: kuushika mzunguko usipungue wala usizidi. Kwa hiyo gavana wa mashine hudumisha, na gavana wa basi huweka mpaka tu. (Gavana wa Benki Kuu tumwache na kazi yake.)

Tusidhani kwamba Waingereza na Wamarekani walipata jina kwa urahisi. Ralph Teetor, mhandisi wa Marekani aliyekuwa kipofu, alipata hataza ya chombo chake mwaka 1950, nacho kikauzwa kwa majina kadhaa, likiwamo Speedostat, kabla ya hili la sasa kushika.

Kwa maoni yetu, "kidhibiti mwendo" kiachiwe chombo cha basi, ambako kimekwisha kuota mizizi, na hiki kingine kiitwe "kidumisha mwendo". Wapo watakaopenda "kishika mwendo" kwa ufupi wake; lakini anayeshika njia ndiyo kwanza anaondoka, na maana hiyo itampotosha msomaji. "Kidumisha kasi" ni kibaya zaidi, maana katika usemi wa kila siku kasi ni kwenda mbio, na ala hiyo hudumisha 40 sawasawa na 80.

Watasema wengine kwamba istilahi iliyokwisha kuchapishwa haiguswi. Mfasiri mashuhuri kuliko wote waliotoka Butiama alichapisha Julius Caezar mwaka 1963, na mwaka 1969 akaitoa upya kwa jina la Juliasi Kaizari. Hakuna aliyepotea njia kwa mabadiliko hayo.

Yamebaki maneno ya vitufe. "Weka" na "futa" yanatosha. Kitufe cha kurejea mwendo uliochaguliwa awali kiandikwe "rejesha mwendo", wala kisiandikwe "rudi", ambalo kwa dereva ni gia ya nyuma.