Bleza ya Soo Tatu
Nilipoacha chuo nilianza kwenda Toi kila Jumamosi, simu imejaa picha za Seydou Keïta, yule jamaa wa Bamako aliyefungua studio yake mwaka 1948. Nilitaka ile bleza pana, tai, saa. Nikapata bleza ya soo tatu. Nikajipiga picha. Nilikaa kama msee aliyeazima nguo ya harusi.

Lakini na wao waliazima! Keïta aliweka studioni suti, saa, redio, hata Vespa, ili wateja wapigie picha. Kuna vitu vilirudi kwa mwenyewe dakika chache baadaye, na bado kwenye picha huoni mtu aliyeazima. Mtazame yule kijana wa suti nyeupe na miwani mizito, ameshika ua moja mbele yake. Suti sawa, lakini jicho langu huenda kwa vidole: vimelishika taratibu, bila haraka, kama watu wote wanaweza kungoja.

Ndiyo maana kurasa nyingi za vintaji hapa Nairobi zinaniboesha. Zinanakili suti, zinasahau ua. Bereti ile ile, ukuta ule ule wa matofali. (Nami nimesimama kwa ukuta huo, sikatai.)

Bleza nilipeleka kwa fundi apunguze mikono, maana naandika kwa kalamu na wino hunichafua. Ndani alikuta jina la mtu limeshonwa kwa uzi mwekundu. Akauliza, atoe?

Nikamwambia aache.