Nkenene Karatasini: Umbo la Maelezo Bainishi

Maandishi yanayotangaza spishi mpya ya mmea huwa mafupi, mara nyingi kurasa chache tu, lakini ni vigumu kupata utanzu mwingine wa nathari uliobanwa na kanuni kiasi hicho. Sharti jina liwepo, yawepo maelezo yanayoutenga mmea na jamaa zake, na kwa majina yaliyotolewa tangu Januari 1958, sharti kitajwe kielelezo-msingi ambacho jina hilo hufungwa nacho. Kuanzia 1935 hadi mwisho wa 2011 maelezo hayo yalipaswa kuwa ya Kilatini. Sasa Kiingereza nacho kinakubalika. (Kiswahili bado hakimo. Mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere anaweza kuandika maelezo kamilifu kwa lugha hii na jina lake lisihesabike kuwa limezaliwa.)

Katika muundo huo, sehemu ninayoithamini kuliko zote ni ile ninayoiita maelezo bainishi, yaani sentensi moja au mbili zinazotangulia orodha ndefu ya vipimo. Orodha hufanya kazi ya karani; maelezo bainishi hufanya kazi ya mtetezi. Mwandishi wake haelezi mmea wote. Huteua jirani aliye karibu zaidi na mmea wake, kisha hutaja tofauti zinazotosha kuwatenganisha, wala hazidishi. Uteuzi wa jirani ndio hoja yenyewe, kwa kuwa anayejilinganisha na jamaa wa mbali hushinda bila kupigana.

Jenasi ya Rubus, vichaka vyenye miiba ambavyo matunda yake Waganda huyaita nkenene, huuweka utanzu huu kwenye mtihani mgumu kuliko jenasi nyingi. Tazama spishi zinazojulikana sana Afrika Mashariki. Rubus pinnatus hutambuliwa kwa vijani vyake vingi vilivyopangwa kama unyoya. Rubus rigidus kwa weupe wa malaika yaliyosongamana chini ya jani. Rubus apetalus kwa ua ambalo petali zake mara nyingi hazipo, hata mtaalamu wa mimea Poiret akaufanya upungufu huo kuwa jina. Katika ufunguo wa utambuzi kila kigezo husimama imara. Kichakani, kigezo hichohicho huyumba: chipukizi lisilozaa huwa na majani makubwa yenye vijani vingi, ilhali tawi lenye maua kwenye mmea uleule hubeba majani madogo, na pengine vijani vitatu tu. Mkusanyaji aliyekata tawi la maua peke yake ameleta nusu ya matini, na nusu hiyo inaweza kusomeka kama spishi nyingine.

Ulaya tatizo hili limezaa fasihi nzima. Kwa kuwa Rubus nyingi za huko hutoa mbegu bila utungisho, umbo lililotokea mara moja hurithishwa karibu bila kubadilika, na Uingereza pekee huhesabu spishi zaidi ya 300. Wataalamu wake wengi wamejiwekea kanuni ya kutokipa jina kichaka cha pembe moja ya msitu, mpaka umbo lake lionekane katika eneo pana. Huo nauona kuwa uamuzi wa kimtindo kama ulivyo wa kisayansi, kwani unakataza jina lisilo na muktadha.

Ndiyo maana karatasi ya kielelezo katika hifadhi ya mimea mikavu ya Makerere inastahili kusomwa kwa subira ileile tunayoipa diwani. Tawi limebanwa na kushonewa au kugundishwa, jani moja likageuzwa makusudi ili upande wa chini uonekane. Pembeni kuna bahasha ndogo ya vipande vilivyodondoka. Chini kuna lebo yenye mahali, mwinuko, tarehe, na rangi ya ua, maana rangi ndiyo inayokufa kwanza. Kisha kuna vibandiko vya utambuzi. Mtaalamu anayemsahihisha mtangulizi wake haondoi kibandiko cha zamani, bali hubandika chake kando, hivyo mabishano ya vizazi yakabaki juu ya karatasi moja bila mhariri wa kuyapatanisha. Sijui umbo jingine la uhakiki lenye adabu hiyo.

Udhaifu wa utanzu huu ni kwamba hutegemea kitu kinachoungua. Usiku wa tarehe 1 Machi 1943 mabomu yaliteketeza sehemu kubwa ya hifadhi ya Berlin, pamoja na vielelezo-msingi vingi ambavyo mtaalamu wa mimea Engler na wenzake walivitumia kuipa majina mimea ya Afrika Mashariki. Pale ambapo nakala haikubaki kwingine, maelezo yamekuwa ushahidi pekee, na hapo ndipo uzembe wa kivumishi kimoja hugharimu. Hata kazi kubwa ya Flora ya Afrika Mashariki ya Kitropiki, iliyoanza kuchapishwa 1952 na kukamilika 2012, iliipanga familia ya mwaridi, ambamo Rubus imo, mapema, mwaka 1960, kutokana na vielelezo vilivyokuwapo wakati huo.

Kwa hiyo kibandiko kinachosema tu “Rubus sp.”, yaani Rubus ambayo spishi yake haijatajwa, nakisoma kama sentensi ya mtu aliyekataa kudanganya. Anayetaka kuikamilisha hana budi kurudi msituni na mkasi, akate chipukizi lisilozaa pamoja na tawi la maua kutoka mmea mmoja, na aandike rangi kabla haijafifia.