Jikoni Amebaki Nani?

Krismasi ya Dar es Salaam humletea mpiga picha wa mtaani shida moja kubwa, nayo ni jua. Tarehe 25 Desemba jua linapita kusini yetu kidogo tu, na ikifika saa sita na nusu mchana linakaribia utosi. Muda huohuo familia imerudi kanisani, nguo mpya bado zimenyooka, pilau liko jikoni, na mama mwenye nyumba anataka picha ipigwe sasa hivi kabla watoto hawajajimwagia soda. Ana haki. Ikisubiriwa saa kumi na moja jioni mwanga utakuwa mzuri, ila mashati yatakuwa na mchuzi. Lakini jua la utosini huzamisha macho kwenye kivuli cha nyusi na kuacha doa jeusi chini ya kila pua.

Hapo ndipo ninapomheshimu fundi mmoja anayezunguka Mbagala, kati ya Kizuiani na Rangi Tatu, kila sikukuu, kamera shingoni na mashine ndogo ya kuchapa picha begani.

Hana haraka ya kupiga. Akishamwamkia bibi, anaizunguka nyumba yote akitazama chini, kwenye vivuli. Familia humwelekeza kwenye mwembe, maana ndiko kwenye ubaridi. Anakataa kwa upole: majani hupenyeza vipande vya jua usoni, na mwanga uliopita kwenye majani huzipaka nyuso ukijani. Anachotafuta ni ukuta wa kaskazini. Kwa kuwa jua la Desemba liko kusini, upande huo hubaki na kivuli hata mchana. Ni ukanda mwembamba. Ukuta wa mita 3 hautoi kivuli cha mita moja kamili, ila upenu wa bati huongeza kidogo. Watu kumi na wawili watapangwa humo humo.

Halafu anatazama ardhi iliyo mbele ya ukanda ule. Mchanga wa Mbagala, ukifagiliwa vizuri, hurudisha mwanga juu na kuyafungua macho. Basi madumu ya njano yanahamishwa, ndoo nyekundu pia, kwa sababu rangi zake hupanda hadi kwenye mashavu. Kama uwanja ni wa sementi nyekundu, ataomba shuka jeupe na kulitandika mbele ya miguu yao. Nimeona wenye nyumba wakishangaa shuka la kitandani linatandikwa nje, kisha wakaiona picha wakanyamaza.

Mpiga picha Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio pale Zanzibar mwaka 1930, mteja aliingia kwenye chumba ambacho Oza alikwisha kukipanga. Fundi wa mtaani huukuta uwanja wa watu kama ulivyo, na ana dakika chache za kuugeuza studio kabla watoto hawajachoka.

Kupanga watu kunamchukua muda mrefu kuliko kitu kingine chochote, na sijawahi kumwona akifanya haraka. Bibi hakalishwi kwenye kiti cha plastiki, kwa sababu miguu ya kiti hicho huzama mchangani na mtu akainama upande. Huletewa kiti cha mbao kutoka sebuleni. Kwa kila mmoja anauliza, "Huyu ni nani kwa bibi?" Jibu ndilo linalomwambia asimame wapi. Mkwe mpya anayejibanza pembeni anaitwa ndani. Jirani Mwislamu aliyekuja kula pilau naye anapewa nafasi yake. Wa nyuma husogezwa wakaribie viti, ili nyuso za mbele na za nyuma zisipishane sana umbali na wote wakolee.

Mwanga anaupima usoni, si kwenye gauni. Jambo hili nalithamini kupita yote. Enzi za filamu, kadi ambazo Kodak iliwapelekea wasafishaji picha ili wasawazishe rangi zilikuwa na mwanamke Mzungu, na nyuso nyeusi zikazama gizani kwa miaka mingi. Fundi huyu anasogea hadi kwa babu, mweusi kuliko wote pale, anapima kwenye shavu lake, kisha anaangalia kama nyuzi za lesi ya gauni jeupe la mjukuu bado zinaonekana. Anarekebisha. Anapima tena.

Kila kitu kikiwa tayari, anashusha kamera na kuuliza: "Jikoni amebaki nani?"

Karibu kila nyumba yupo aliyebaki. Mara nyingi ni dada wa kazi, au shangazi aliyeshika mwiko tangu alfajiri. Anatoka akijifuta mikono kwenye kanga, anasema yuko hovyo, piga tu bila mimi. Fundi anangoja. Watu wazima wanaanza kulalamika, mtoto analia, naye bado anangoja mpaka yule mtu abadilishe kitenge na kusimama mahali palipokwisha kuachwa wazi kwa ajili yake. Ndipo anahesabu moja, mbili, tatu, anapiga, kisha anapiga tena pale wote wanapopumua wakidhani imekwisha. Ile ya pili ndiyo huchaguliwa.

Krismasi hii akipita mtaani kwako, mwite, hata kama simu yako ina kamera nzuri. Mwache azunguke nyumba. Na akikukabidhi picha, andika mwaka na majina ya wote nyuma yake, na la dada wa jikoni usilisahau.