Filamu ya Rockers na Hifadhi ya Rege

Katika toleo hili tunaihakiki Rockers, filamu ya Theodoros Bafaloukos iliyopigwa Kingston, Jamaika, mwaka 1978. Ilikusudiwa kuwa filamu ya hali halisi, ikaishia kuwa ya kubuni: mpiga dramu Leroy Wallace ananunua pikipiki ya kusambazia santuri, nayo inaibwa.

Msuko huu ni mwepesi. Hata hivyo, wanamuziki wanaigiza nafsi zao katika mitaa na studio zao. Jacob Miller, aliyefariki mwaka 1980, tunamwona akiimba na kutania. La muhimu zaidi kwetu walimu wa lugha, wanazungumza Krioli yao, na tafsiri ya Kiingereza imeandikwa chini ya picha. Santuri huhifadhi wimbo. Mazungumzo ya waliouimba hayamo.

Dosari ni kwamba hadithi ya kubuni haina wajibu wa kueleza nani ni nani, wala wimbo ulirekodiwa lini. Mwaka 2018 UNESCO iliiorodhesha rege kuwa urithi wa binadamu. Orodha pekee haihifadhi sauti. Kwa maoni yetu, filamu kama hii yahitaji makavazi yanayoandika majina, tarehe na maneno, mashahidi wakiwa bado hai.